Kufuli usiloliona ndani ya DVD

Je, msomaji, umewahi kutumiwa DVD na jamaa aliye Marekani, ukaitia kwenye deki ikakataa kucheza? Huenda uliilaumu deki bure.

Kampuni za filamu ziliigawa dunia katika maeneo 6. Marekani na Canada ni namba 1. Ulaya, Japani na Afrika Kusini, namba 2. Kenya na sehemu kubwa ya Afrika, pamoja na India na Urusi, namba 5. Namba hutiwa katika diski na katika deki, na zisipolingana hupati picha. Kwa njia hiyo kampuni ziliamua filamu itoke wapi, lini na kwa bei gani.

Sasa ipeleke hesabu hiyo Kakuma, kambi iliyofunguliwa mwaka 1992. Maelfu ya vijana wa Sudan walianza kuhamishiwa Marekani kutoka hapo mwaka 2000. Ndugu mmoja akawa namba 1, mwenzake akabaki namba 5! Zawadi iliyolipiwa dukani humfikia mwenyewe ikiwa imefungwa.

Si kwamba wasanii wasilipwe. Lakini huyu amekwisha kulipwa.

Huko Norwe, Jon Lech Johansen alishtakiwa kwa programu ya mwaka 1999 iliyofungua kufuli jingine la DVD. Mahakama zilimwachilia mara mbili mwaka 2003: aliyenunua DVD kihalali ana haki ya kuitazama. Kwetu, Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 inakataza kuvunja makufuli ya namna hiyo.

Basi ukinunua deki, muulize mwenye duka kama inacheza namba zote. Zipo.