Tumwachie Ngege Mafunjo Yake

Ukiulizia ngege sokoni Kisumu leo, yaelekea utapewa sato, na wengi hawataona kosa. Jina limebaki, mwenyewe hayupo. Ngege halisi, Oreochromis esculentus, ni mzawa wa mabonde ya maziwa Victoria na Kyoga, na zamani ndiye aliyekuwa kitoweo kikuu huko. Wengi humlaumu sangara kwa kutoweka kwa ngege, lakini miaka inamtetea sangara. Nyavu za kisasa ziliingia mwaka 1905, na mtaalamu wa uvuvi Michael Graham alipolikagua Ziwa Victoria mwaka 1927 na 1928, tayari ngege walikuwa wanapungua. Sato alipandikizwa miaka ya 1950. Sangara alifurika miaka ya 1980, wakati ngege alikwisha kuwa adimu.

Alikobaki ni kwenye viziwa vya pembeni, kama Kanyaboli huko Siaya, nyuma ya mafunjo ya kinamasi cha Yala. Maji ya chini ya mafunjo yana oksijeni kidogo mno. Sangara hayawezi, ngege anayamudu. Humo huchuja vijimea visivyoonekana kwa macho, akivinasa kwa ute wa kinywani, na jike huatamia mayai mdomoni hadi vifaranga viweze kujitegemea. Ukuta huo wa mafunjo, hata hivyo, haumzuii sato. Naye anastahimili maji yenye oksijeni kidogo, anakula karibu kila kitu, na anazaana na ngege mpaka damu ya ngege inayeyuka ndani ya yake. Ndiyo maana nasema sato asipandikizwe kwenye viziwa hivi, wala asifugwe mabwawani kando yake, maana mvua kubwa moja tu inatosha kumvusha.

Nitaambiwa sato hukua haraka na watu wana njaa. Ni kweli, na siidharau njaa hiyo. Lakini sato amejaa ziwa kuu na anafugika kwingi. Kumwongeza kwenye kiziwa kidogo ni faida ndogo kwa hasara isiyorudishika. Wengine watasema damu imeshachanganyika, hakuna cha kulinda. Uchunguzi wa vinasaba umeonyesha mchanganyiko huo kweli, ila haulingani kila mahali. Basi ngege wazazi wapimwe kwanza, wasio na damu ya sato watengwe na kuzalishwa, na mafunjo ya Yala yaache kukaushwa kwa ajili ya mashamba, kwa sababu yakiisha, hata sangara atakuwa na njia ya kuingia.