Aksanti Inayofika Mpaka ku Masomo

Hapa kwetu Kisenge mbuji ni kasha la feza la jamaa. Tangu mwaka 1975, wakati vita ya Angola ilifunga njia ya reli ya Benguela na manganezi yetu ikakosa mulango wa kufika ku bahari, tulijifunza kutumainia shamba na mifugo. Mbuji akilala chini na kukataa majani, si yeye tu anayegonjwa: minervali ya mutoto nayo inagonjwa.

Munganga wa nyama akipatikana, anapiga sindano, mbuji anasimama. Tunamulipa, tunasema aksanti, labda tunamuongezea kuku. Ni vema. Lakini nani kati yetu anakumbuka masomo yaliyomufundisha ile kazi?

Huko Marekani kuko watu wanaokumbuka. Mwaka 2006, farasi jina lake Barbaro alishinda mashindano makubwa ya Kentucky. Majuma mawili nyuma, muguu ukavunjika mu mashindano ingine. Walimupeleka ku hospitali ya nyama ya Chuo Kikuu cha Pennsylvania. Waganga walipigana miezi nane, lakini ugonjwa wa kwato uliwashinda, na mu Januari 2007 farasi akafa.

Sasa sikieni. Wenye farasi, Roy na Gretchen Jackson, hawakununa. Walitoa dolare milioni 3 kwa yale masomo, juu ya kumuweka mwalimu wa kuchunguza magonjwa ya farasi. Kile kiti kilipewa jina la munganga aliyemutunza Barbaro, Dean Richardson. Farasi wao hakurudia, lakini farasi wa wengine watasaidiwa.

Hapa tuchunge, ndugu. Aksanti si matabishi. Matabishi inatolewa mu kificho, mbele ya kazi, ili upite wenzako. Aksanti inakuja nyuma ya kazi, mbele ya macho ya watu, na risiti iko. Tena munganga asiitazamie: mbuji wa mujane asiye na kitu atunzwe sawa na ngombe wa tajiri.

Mutasema: «Muchungaji, sisi dolare milioni tutazitosha wapi?» Kweli, hatuna. Lakini Chuo Kikuu cha Lubumbashi, kilichofunguliwa mwaka 1956, kiko na fakilte ya kufundisha waganga wa nyama. Mwanafunzi akija huku kwetu kufanya staji, anahitaji nini? Kitanda, sahani ya bukari, buti za mupira, na mufugaji mwenye kumufungulia kizimba bila kununguníka. Kuku zikianza kufa, tusifiche: tumuite aangalie sababu. Hata ile ni sadaka, maana kitabu peke yake hakifundishe mukono.

Na kanisa likiweza kuweka feza kidogo kidogo kila mwezi, kijana moja wa hapa anaweza kwenda kusoma, kisha arudie kutunza mifugo ya wazazi wake.

Munajua habari ya wale wakoma kumi: wote walipona, moja tu akarudia kushukuru. Ninyi vijana, leo ku nyumba muulize wazazi: mwaka huu nani alituponyesha mbuji, na nani alimufundisha? Kisha mufikiri pamoja namna ya kurudia kushukuru.