Kadi Imepotea, Haki ya Kuendesha Haijapotea

Dereva aliyezoea barabara za Nairobi akihamia Uingereza hushangazwa na jambo moja: hakuna anayemlazimisha kutembea na leseni mfukoni. Kenya, Sheria ya Trafiki inamtaka dereva awe na leseni kila anapoendesha na aitoe askari anapoidai. Uingereza, askari akikusimamisha nawe huna kadi, anaweza kukupa siku 7 uipeleke kituo cha polisi utakachokitaja. Mara nyingi hata safari hiyo haihitajiki, kwa kuwa askari huweza kusoma taarifa zako papo hapo kutoka katika kumbukumbu za DVLA, mamlaka ya leseni yenye makao yake Swansea.

Tofauti hiyo ndiyo ufunguo wa swali linaloulizwa kila mara: leseni ikipotea, na nyingine nimeshaiomba, naruhusiwa kuendesha kabla haijafika? Jibu hutegemea kilichopotea. Ikiwa ni kadi tu, na muda wake haukuwa umekwisha wala hujafungiwa kuendesha, endelea na safari zako. Haki yako imeandikwa Swansea, na kadi ni ushahidi wake tu. Omba nyingine mtandaoni kwa pauni 20. Kama iliibwa, toa pia taarifa polisi, maana kadi hiyo ina jina, anwani na tarehe yako ya kuzaliwa, vitu ambavyo tapeli huvitafuta. Ya zamani ikionekana baada ya mpya kufika, irudishe DVLA.

Hali ya pili ni ya leseni iliyokwisha muda na maombi ya kuihuisha bado yako mezani. Hili huwapata hasa wenye umri wa miaka 70 na kuendelea, ambao hutakiwa kuhuisha haki yao kila baada ya miaka 3. Hapa kinachomlinda dereva ni kifungu cha 88 cha Sheria ya Usafiri Barabarani ya mwaka 1988. Kifungu hiki kinamruhusu kuendesha akisubiri, lakini kwa masharti. Awe aliwahi kuwa na leseni halali. Aendeshe magari ya madaraja aliyokuwa nayo tu. Awe na afya inayokubalika kisheria kwa uendeshaji. Asiwe amefungiwa na mahakama. Na leseni yake ya mwisho isiwe ilifutwa au kukataliwa kwa sababu ya ugonjwa. Ulinzi huo huanza DVLA inapopokea maombi yaliyokamilika, na hauvuki miezi 12. Anayeendesha leo kwa leseni iliyokwisha, akiwaza kujaza fomu wiki ijayo, hana ulinzi wowote.

Hali ya tatu haina mjadala. Aliyefutiwa leseni au kufungiwa na mahakama hawezi kujificha nyuma ya neno "nasubiri".

Wanaotumia leseni ya Kenya au Tanzania wana hesabu yao. Mgeni anayehamia Uingereza huruhusiwa kuendesha kwa leseni ya nyumbani kwa miezi 12 tangu aanze ukaazi. Nchi hizi mbili hazimo katika orodha ya zile ambazo leseni zake hubadilishwa bila mtihani, hivyo kabla ya muda huo kwisha inampasa achukue leseni ya kujifunzia na kufaulu mtihani. Kifungu cha 88 hakimwongezei hata siku moja. Na kadi ya nyumbani ikipotea, DVLA haiwezi kumpa nyingine. Atairudia NTSA ya Kenya au TRA ya Tanzania iliyoitoa.

Hata mwenye haki kamili anaweza kukwama kwa watu wasio polisi. Ukivuka kwenda Ufaransa, kifungu cha 88 hakivuki nawe, na kampuni za kukodisha magari hutaka kuiona kadi yenyewe. Mwajiri wako naye atataka uthibitisho. Kwa huyo, ingia katika tovuti ya serikali uchukue namba ya siri ya kumwonyesha taarifa za leseni yako. Hudumu siku 21. Ila tovuti hiyo itakuuliza namba ya leseni, ambayo imechapwa kwenye kadi ile ile iliyopotea. Iandike leo mahali salama.

Mwisho, ipigie simu kampuni ya bima kabla ya kuwasha gari, na uhifadhi uthibitisho wa siku maombi yako yalipopokelewa. Kuendesha bila bima huleta faini ya pauni 300 na pointi 6 za adhabu kwenye leseni, na gari linaweza kuchukuliwa papo hapo.