Je, Wajua? Chumvi na Sukari Viliokoa Maelfu ya Wakimbizi

Je, wajua kwamba matumizi ya maji ya ORS, yaani maji yenye chumvi na sukari kwa wanaoharisha, yalipata umaarufu katika kambi ya wakimbizi?

Mwaka 1971, vita vya ukombozi wa Bangladesh viliwafanya mamilioni ya watu wakimbilie India. Katika mji wa mpakani wa Bangaon, kipindupindu kiliwavamia. Dkt. Dilip Mahalanabis, daktari wa watoto na mtafiti aliyekuwa akifanya kazi Kolkata, alikuta wagonjwa wamelala sakafuni huku dripu zikikaribia kwisha.

Akachukua uamuzi mzito: kuwanywesha wagonjwa badala ya kutegemea dripu. Katika kila lita ya maji, timu yake ilichanganya gramu 22 za glukosi, gramu 3.5 za chumvi ya mezani na gramu 2.5 za magadi ya kuokea. Glukosi huusaidia utumbo kufyonza chumvi, na maji hufuata. Ndugu wa wagonjwa ndio waliowanywesha, kikombe baada ya kikombe. Vifo vilishuka kutoka takriban asilimia 30 hadi asilimia 3.6.

Baadaye Mahalanabis alifanya kazi na Shirika la Afya Duniani, akapambana na kipindupindu Afghanistan, Misri na Yemen. Alifariki mwaka 2022.

Msomaji, weka pakiti za ORS nyumbani. Mtoto akiharisha, changanya kwa maji safi kama pakiti inavyoelekeza, mnyweshe kidogo kidogo, kisha mwahishe kituo cha afya.