"Mwisho wa Siku" Ni Saa Ngapi?

Kuna usemi mmoja wa Kiingereza ulioingia katika Kiswahili chetu kama mgeni asiyebisha hodi, na sasa umekalia kiti cha mwenye nyumba. Nao ni "at the end of the day", ambao watu wameufasiri neno kwa neno ukawa "mwisho wa siku". Utausikia redioni, bungeni, harusini na hata matangani. Kocha akifungwa mabao matatu husema mwisho wa siku mpira ndivyo ulivyo. Mbunge akiulizwa habari ya barabara, hujibu kuwa mwisho wa siku mwananchi ndiye atakayefaidika.

Kwa Waingereza wenyewe usemi huu hauna haja na jua wala saa. Kiini chake ni picha ya mtu aliyefunga kazi jioni, akakaa kitako kuhesabu alichopata na alichopoteza. Kutoka hapo ukachukua maana ya "tukishayapima yote" au "jambo kubwa hasa ni hili". Ulishika kasi katika nusu ya pili ya karne ya 20, ukatumiwa mno mpaka ukawachosha. Mwaka 2004 chama kimoja cha huko kiitwacho Plain English Campaign, ambacho hutetea lugha nyepesi, kiliwauliza wafuasi wake ni usemi gani unaowaudhi kupita yote, na huu ndio ulioshika nafasi ya kwanza. Basi sisi tumeokota kilichotupwa na wenyewe.

Mimi sikuupa uzito mpaka nilipokuwa Kibwezi, mji ule wa Ukambani ulio katika barabara ya Mombasa na Nairobi, baina ya Mtito Andei na Makindu. Wasomaji wengi wa pwani huupita wakiwa wamelala ndani ya basi, au kwa treni ya reli mpya iliyoanza 2017, ambayo ina kituo hapo. Nchi ni kavu, lakini penye maji ya kumwagilia watu hulima bamia, karela na bilinganya za kuuza mbali.

Nilifuatana na mtu mzima mmoja wa Mombasa aliyekodi shamba huko. Tulikuta kikao chini ya mti: wakulima walikuwa wakimdai mnunuzi fedha za bamia za majuma matatu, na mwenzangu alikuwa miongoni mwa wanaodai. Mnunuzi, kijana mtanashati mwenye simu mbili, alisimama akasema, "Wazee wangu, msiwe na wasiwasi. Mwisho wa siku kila mtu atapata haki yake."

Wakulima wawili wakatazama jua. Ilikuwa yapata saa tisa u nusu. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni akauliza kama angoje pale pale au aende akarudi magharibi. Kijana hakulifahamu swali. Ndipo mwenzangu akamwambia kwa upole, "Mwanangu, hayo ya kila mtu kupata haki yake Siku ya Mwisho sisi twayaamini, wala hatuna shaka nayo. Sasa twauliza ya bamia."

Watu walicheka, hata kijana mwenyewe. Yule mama hakucheka. Aliuliza tena neno moja tu, "Leo?" Ikambidi kijana aseme kweli kwamba si leo, pesa zitatumwa kwa simu usiku wa Alhamisi. Mwenzangu akamshika tena, "Usiku wa Alhamisi wa kwenu au wa kwetu?"

Swali hilo si mzaha. Kwetu pwani siku huisha jua linapokutwa. Mwezi wa Ramadhani ukiandama, tarawehe husaliwa usiku ule ule, kabla mtu hajafunga saumu ya kwanza, kwa kuwa usiku umeutangulia mchana wake. Usiku wa Ijumaa ni ule unaofuata mchana wa Alhamisi, na kwa hesabu hiyo usiku wa Alhamisi ni wa Jumatano jioni. Mwenye kalenda ya ofisini siku yake huisha saa sita za usiku. Naye kibarua aliyepimiwa ngwe yake, siku yake imekwisha akimaliza ngwe, hata kama jua liko utosini.

Tena lugha yenyewe imeweka mipaka. Tunaposema "mchana kutwa, usiku kucha", kutwa ni mpaka jua lizame, na kucha ni mpaka kupambazuke. (Waunguja husema kuchwa, nasi wa Mvita tumebaki na kutwa.) Mtu aliyezoea kulipwa kwa kutwa, ukimwambia mwisho wa siku, umemtajia saa. Wala mtu asidhani isha ya sala ni ile ya kwisha. Ile ni ya Kiarabu, na hii ni yetu ya Kibantu.

Ati wapo wasemao kuwa Kiswahili hakina maneno ya maana ile ya Kiingereza. La hasha. Kwa jambo lililotukia baada ya mengine tuna hatimaye na mwishowe. Kwa kukusanya hoja tuna alhasili, ambalo asili yake katika Kiarabu ni kile kilichopatikana, yaani picha ile ile ya Mwingereza anayehesabu mapato yake jioni. Na lililo tamu kuliko yote ni "yote tisa, kumi ni hili". Jaribu mwenyewe: yote tisa, kumi ni bamia zitalipwa lini. Hapo hakuna atakayetazama jua.

Sisemi mgeni huyu afukuzwe. Meza tumeipata kwa Wareno na shule kwa Wajerumani, na hakuna aliyekufa. Katika mabishano ya mpira usemi huu haumdhuru mtu. Ugomvi wangu ni pale unapotiwa ndani ya ahadi ya fedha, ya ardhi au ya maji. Hapo huificha tarehe: aliyeahidi huondoka na nafasi yake, na aliyeahidiwa hubaki akihesabu jua.

Mwisho wa mwezi nao una mambo yake. Pale Kibwezi niliingia duka la Mwislamu mmoja akopeshaye unga na sukari, nikaona juu ya daftari lake ameandika kwa wino mwekundu: "Mwisho wa mwezi ni tarehe 30, si kuandama." Nilimwuliza Februari hufanyaje. Akanijibu kuwa mwezi huo hakopeshi.