Ngoma za Umeme: Mtu Hujikuna Ajipatapo

Siku hizi hapa kwetu pwani si ajabu kwenda harusini ukasikia ngoma zinarindima tangu mwanzo wa barabara, na ukifika ukatupa macho jukwaani usione hata ngoma moja ya ngozi. Utamwona kijana amekaa nyuma ya visahani vyeusi vya mpira, vijiti mkononi, na waya zimemzunguka kama aliyeingia dukani kwa fundi wa redio. Hizo ndizo ngoma za umeme. Wako wazee wanaozitazama kwa jicho la pembeni, na wako vijana wasiopata usingizi kwa kuzitamani. Mimi niliyepiga dumbaki katika harusi za watu kwa miaka mingi, kabla vidole havijaanza kuniuma, simo katika kundi la kwanza wala la pili. Ninalotaka kusema leo ni habari ya mfuko.

Nimeingia katika jambo hili kwa sababu ya vijana wanne wa mtaani kwetu. Wana kikundi cha kupiga taarabu harusini. Wana kinanda, wana mwimbaji mwenye sauti ya kuridhisha, na wana dumbaki moja ya zamani. Kwa muda wa miaka miwili walikuwa wakiweka akiba kila walipolipwa, hadi wakapata shilingi 90,000. Wakanijia na picha ya seti nzima ya ngoma za umeme. “Ami,” akaniambia mkubwa wao, “hii ndiyo yenyewe.” Nikauliza bei, nikaambiwa inapita shilingi 195,000 kabla ya kusafirishwa. Nikauliza zilizobaki zitatoka wapi. Wakatazamana. Mwisho mmoja akasema kuwa mamake, Mungu amweke, yu tayari kutoa bangili zake za dhahabu ziwekwe rehani.

Ndugu msomaji, hapo ndipo nilipowaambia wakae kitako. Fedha ya akiba ni jasho, lakini bangili za mama ni jambo jingine.

Kwanza niliwaeleza kitu chenyewe kinavyofanya kazi, kwani anayejua kazi ya kitu hadanganywi upesi. Ngoma ya umeme haina sauti ya kwake. Chini ya kila pedi mna kidude chembamba mfano wa sarafu, kiitwacho piezo. Kikitikiswa kwa pigo hutoa umeme kidogo. Pigo kubwa hutoa mwingi, pigo dogo hutoa haba. Umeme huo hupita katika waya hadi kwenye moduli, ndilo lile sanduku la sauti. Moduli hupima ukubwa wa pigo, kisha hutoa sauti ya ngoma iliyohifadhiwa ndani yake. Yote hayo hupita kwa muda mfupi mno, mfano wa kupepesa jicho au chini yake.

Kwa hivyo anayenunua ngoma hizi ananunua mambo mawili: pedi inayousikia mkono, na moduli inayoujibu mkono. Idadi ya sauti ni jambo la tatu. Wauzaji hupenda kulitanguliza hilo la tatu. Watakuambia sanduku lina sauti 400 au 500, nawe utazitumia kumi. Heri sauti kumi zinazotofautisha pigo la mapenzi na pigo la hasira kuliko sauti mia tano zinazolia namna moja.

Ukitazama historia utaona kuwa ufundi wote umekuwa wa kuufanya mkono usikike. Mwaka wa 1976 huko Marekani zilitoka ngoma zilizoitwa Syndrum, nazo zililia kama king’ora zaidi ya kulia kama ngoma. Mwaka wa 1981 kampuni ya Simmons ya Uingereza ikatoa SDS-V, yenye pedi za pembe sita zilizopata umaarufu mkubwa. Lakini uso wake ulikuwa mgumu kama meza, na wapigaji wakalalamika kuumwa na vifundo vya mikono. Mwaka wa 1997 kampuni ya Roland ya Ujapani ikatoa TD-10, ambayo pedi zake zilikuwa na uso wa wavu uliokazwa kama ngozi. Kijiti kikawa chadunda kama kwenye ngoma ya kweli, na tangu hapo wavu ndio umekuwa kipimo. Zamani wavu ulikuwa wa matajiri peke yao. Leo umeshuka hadi kwenye seti za bei ya chini, na hiyo ni neema kwetu.

Sasa tuje kwenye mifuko. Bei nitakazotaja ni za huko nje, na ni za kukadiria, kwani hupanda na kushuka. Tukihesabu dola moja kwa shilingi 130, hesabu itakuwa hivi.

Mfuko mwepesi ni wa dola 250 hadi 300, yaani kama shilingi 35,000. Hapa utapata ngoma za mezani, mfano wa Yamaha DD-75. Ina pedi 8, pedali 2 ndogo za miguu, na spika zake ndani. Hutumia hata betri, na mwenyeji wa pwani ajuaye habari ya umeme kukatika ataipenda kwa hilo. Usitarajie kuwa utajifunza mwendo wa mwili wa mpigaji wa seti nzima, kwa kuwa pedi zimebanana. Lakini kwa mtoto anayeanza, au kwa kutia mdundo sebuleni, si kitu cha kudharauliwa.

Mfuko wa kati ni wa karibu dola 400, yaani shilingi 52,000. Hapa utakuta seti ya kusimama yenye pedi za wavu, mfano wa Alesis Nitro Max iliyotoka mwaka wa 2023. Ni seti ya kujifunzia barabara. Tarajia pedi kuwa ndogo kuliko ngoma za kweli, na fremu kutikisika kidogo ukipiga kwa ghadhabu. Na tarajia udhaifu katika yale matuazi mawili yanayofunguliwa na kufungwa kwa mguu, ambayo wapigaji huyaita haihati. Katika seti za bei hii haihati huelewa hatua chache tu: wazi, imefungwa, na pengine nusu. Ile mivumo midogo midogo ya katikati hutaipata.

Mfuko mzito huanzia dola 1,500. Hapo ndipo ilipo Roland TD-17KVX, ndiyo iliyokuwa katika picha ya vijana wangu. Haihati yake hukaa juu ya stendi ya kweli na husikia mguu kwa utulivu. Tuazi ukilikamata kwa mkono hunyamaza, kama tuazi la shaba. Ni kitu kizuri, sikatai. Lakini sikiliza haya: seti hiyo huuzwa bila pedali ya ngoma kubwa, bila stendi ya haihati, na bila kiti. Mnunuzi asiyejua hufika nyumbani na furaha, akafungua maboksi, akakuta hawezi kupiga.

Hapo ndipo penye siri ya mfuko. Bei iliyoandikwa kwenye picha si bei ya kupiga ngoma. Ongeza usafiri, ongeza ushuru wa forodha, ongeza VAT ya asilimia 16. Kisha kiti imara, vijiti, na hedifoni. Na ukitaka wageni wasikie, sharti upate spika yenye kutoa sauti nzito na nyembamba pia. Amplifaya ya gitaa haifai, kwa kuwa mngurumo wa ngoma kubwa huishinda. Mimi nawashauri watu hivi: ukiwa na shilingi mia, ngoma yenyewe isizidi sitini. Arubaini zilizobaki zina kazi yake.

Baada ya hayo niliwauliza vijana swali ambalo hakuna muuzaji angewauliza: “Nyinyi mwapiga muziki gani?” Wakajibu, taarabu. Nikawaambia, basi mbona mwataka ngoma za mtu apigaye roki?

Taarabu ya Mombasa imesimama juu ya vidole. Dumbaki na tabla hutoa sauti zake kwa ncha ya kidole, kiganja na ukingo wa ngozi, na mpigaji hodari hutiririsha vidole kama anayemwaga mchele. Seti ya vijiti, iwe ya dola elfu ngapi, haikuundwa kwa kazi hiyo. Kwa mkono mtupu ziko mashine nyingine. Roland walitoa Handsonic HPD-15 mwaka wa 2000, na HPD-20 mwaka wa 2013. Hii ya pili ina uso mmoja uliogawanywa sehemu 13, na hupigwa kwa vidole. Ndani yake mna sauti za ngoma za Waarabu na za Wahindi. Bei yake mpya ni karibu dola 1,000. Tena iko SPD-SX, yenye pedi 9 katika kisanduku kimoja cha kuweka juu ya stendi moja. Faida yake ni kuwa waweza kuitia sauti ulizorekodi mwenyewe, hata dumbaki la babu yako.

Mashauri yakawa marefu, chai ikaletwa mara mbili. Mwisho vijana wakanunua kisanduku cha pedi kilichokwisha kutumika, kwa shilingi 65,000. Kwa zile 25,000 zilizobaki wakapata stendi, waya mpya na mfuko wa kubebea, na kikatoka chenji. Spika wakaunganisha na ile ya kinanda waliyokuwa nayo. Kisanduku kinatoa mngurumo wa chini na makofi, na dumbaki la zamani liko pale pale, linapigwa kwa vidole mbele ya maikrofoni. Bangili ziko mkononi mwa mwenyewe.

Kununua kilichotumika si aibu, mradi ukijaribu. Nenda na hedifoni yako mwenyewe. Piga pedi moja polepole sana, kisha uongeze nguvu kidogo kidogo: sauti yapasa kupanda kama ngazi yenye vidato vingi, isiruke kutoka mnong’ono hadi kelele. Piga haraka haraka mfululizo: ikitoa sauti ile ile kila pigo, kama bunduki ya rashasha, ujue moduli ni maskini. Piga pedi moja usikilize kama ya jirani inajibu bila kuguswa. Piga katikati, kisha ukingoni. Tikisa kila waya kwenye tundu lake usikie kama inakwaruza. Wavu uliochanika si msiba, kwani hubadilishwa. Moduli inayozimika yenyewe ni msiba. Na chungulia matundu yote, maana hewa yetu ya chumvi ni adui wa chuma. Ukishainunua, ifunike kwa kitambaa usiku na ufute jasho baada ya kupiga.

Kuna neno kwa wale wenye jamaa ng’ambo. Ndugu aliye Dubai au Muscat akikuletea chombo, mara nyingi hutapata taabu, kwa kuwa umeme wao unakaribiana na wetu na plagi zao ni za miguu mitatu kama zetu. Lakini kikitoka Marekani, soma maandishi ya adapta kabla hujaichomeka. Ikiwa imeandikwa 120V peke yake, ukiitia katika umeme wetu wa 240V utaiunguza mara moja. Nunua adapta nyingine inayolingana na chombo.

Nalo neno la mwisho ni la jirani. Watu husema ngoma za umeme hazina kelele. Ni kweli nusu. Kwa hedifoni, sauti ya ngoma yote iko masikioni mwako. Lakini kishindo cha mguu juu ya pedali hakipiti hewani, hupita sakafuni. Anayekaa ghorofa ya chini Majengo, au chini ya dari ya boriti Mji wa Kale, atasikia du! du! du! kama mtu anatwanga kisamvu juu ya kichwa chake. Weka zulia nene, na chini yake ubao uliolazwa juu ya mipira ya tenisi iliyokatwa nusu. Kishindo kitapungua sana. Adhana ikilia, nyamaza. Usiku baada ya Isha, kumbuka kuna mgonjwa na kuna mtoto mchanga. Kijana anayechunga hayo, wazazi hawatamzuia kujifunza, na wengi wa wapigaji wetu walikwama si kwa kukosa ngoma bali kwa kukosa radhi ya nyumba.

Basi, msomaji wangu, kabla ya kwenda dukani chukua karatasi. Andika fedha uliyo nayo mkononi, si ile unayotumaini. Toa usafiri na ushuru, toa kiti, toa waya na hedifoni, toa spika ikiwa huna. Kinachobaki ndicho bei ya ngoma yako, nawe uijue kabla mwenye duka hajakuuliza.