Chapisha Hati, Barua Pepe Ibaki Simuni
Wengi wanaofika Kolwezi, makao makuu ya jimbo la Lualaba tangu 2015, wanafuata shaba na kobalti: dereva wa lori anayesubiri hati za mzigo utakaovuka mpaka wa Kasumbalesa, fundi anayeomba kazi mgodini, mfanyabiashara anayengoja ankara. Siku moja wote watahitaji karatasi iliyochapishwa, na wataingia kwenye kibanda cha fotokopi, wakae mbele ya kompyuta ya dukani, wafungue barua pepe, washushe hati, walipe na kuondoka. Hoja yangu ni kwamba hatua ile ya kufungua barua pepe haihitajiki kabisa, na ndiyo inayobeba hatari kubwa.

Wengi hujituliza wakiona alama ya kufuli juu ya ukurasa. Kufuli hilo si la bure. Gmail, kwa mfano, ilianza Januari 2010 kuwawekea watumiaji wote njia iliyosimbwa, hivyo anayetega mtandao njiani haambulii kitu. Lakini linalinda njia tu, halilindi kibodi. Programu ndogo inayonakili kila kitufe kinachobonyezwa hulidaka neno la siri kabla halijasimbwa. Mwaka 2003 kijana mmoja wa New York alikiri mahakamani kwamba aliweka programu ya namna hiyo kwenye kompyuta za maduka ya uchapishaji ya Kinko's, akavuna majina na maneno ya siri zaidi ya 450. Mwaka 2014 idara ya Secret Service ya Marekani ikayaonya mahoteli kuhusu wizi uleule kwenye kompyuta za wageni. Utasema mwenye kibanda unamfahamu na ni mwaminifu. Inawezekana kabisa, ila flashi za wateja zinaingia na kutoka kwenye mashine yake kutwa nzima, na moja yenye virusi inatosha bila yeye kujua.

Mgeni ana tatizo jingine. Kibodi za Kongo kwa kawaida zimepangwa kwa mtindo wa Kifaransa: A imekaa mahali pa Q, Z mahali pa W, na tarakimu hazitoki mpaka ushikilie kitufe cha herufi kubwa. Aliyetoka Mbeya au Ndola anaandika neno lake la siri, linakataliwa, anarudia, linakataliwa tena. Mwisho analiandika kwenye nafasi ya jina ili aone herufi zinazotoka. Anayesubiri zamu nyuma yake anaziona pia, na kivinjari kinaweza kuzikumbuka.

Wako wanaotegemea namba ya uthibitisho inayotumwa kwa simu. Ni kinga nzuri, na kila mtu aiwashe. Hata hivyo msafiri mara nyingi ameshatoa laini ya kwao na kuweka ya Kongo, kwa hiyo ujumbe haumfikii. Na ukimfikia, unamzuia mwizi wa kesho, haumzuii anayeukuta ukurasa ulioachwa wazi leo. Wengine husema hawana cha kuibiwa. Mtafuta kazi wa Kolwezi ana kadi ya mpiga kura iliyoskaniwa, vyeti na namba za jamaa, vyote kwenye barua pepe moja, na ni humo humo zinamopokelewa barua za kubadilisha maneno ya siri ya akaunti nyingine.

Kwa hiyo fungua barua pepe kwenye simu yako, itume hati moja tu kwa anwani ya duka, ichapishwe, kisha mwombe mhudumu aifute mbele yako. Usiunganishe WhatsApp yako na kompyuta hiyo, maana muunganisho hubaki hata ukishaondoka. Bando ni ghali na umeme hukatika, hilo halina ubishi, lakini kutuma PDF ya kurasa mbili hakuli data nyingi. Anayehofia kupoteza simu safarini afungue mapema anwani ya pili, aweke humo hati za safari peke yake. Na aliyelazimika kuingia kwenye anwani yake ya siku zote, akipata kifaa anachokiamini abadilishe neno la siri, aondoe vifaa asivyovijua, kisha akague mipangilio ya kusambaza barua: mwizi akiwa ameweka anwani yake hapo, nakala zitaendelea kumfikia hata baada ya neno la siri kubadilishwa.